Kimondo cha Ahazi

Siku hizi maiti hazizikwi. Hurushwa angani zikarudi zikiwaka kama vimondo, na matanga hayaanuliwi mpaka mjane mwenyewe atamke, "Nimemwona."

Sigrada alikaa uani kwake Makete, amejifunika mablanketi, akimngoja mumewe Ahazi. Kwa bahati mbaya, usiku ule vimondo vya kawaida navyo vilikuwa vinamiminika. Yeye alipenda kuvitazama tangu usichana wake, akavijua: vya mawe huchomoka kasi, vya watu huja polepole. Kando yake mama mkwe alitetemeka kwa baridi mpaka meno yakagongana, lakini kuingia ndani alikataa katakata.

Kimondo kikapita, fyu!

"Ndiye mwanangu?" mama mkwe aliuliza.

Lilikuwa jiwe. Sigrada akamtazama yule bibi, midomo imempasuka kwa baridi.

"Ndiye, mama. Nimemwona."

Wakamlilia kwa mara ya mwisho, matanga yakaanuliwa, wote wakaingia jikoni kuota moto.

Sigrada alirudi uani kukunja mkeka. Hapo kikaja kingine, chekundu kama kaa, polepole, kikivuka mbingu nzima kama mtu anayeulizia nyumba. Alikitazama peke yake, mkeka kwapani, mpaka kikazimika. Jikoni, mama mkwe alikuwa ameshaanza kucheka.