Sponji ya Upande wa Kushoto

Dakika kumi kabla ya misa ya ndoa yake, Ricky alikuwa amejifungia chooni mwa parokia, na alikuwa na titi moja.

Lilikuwa upande wa kushoto. La mviringo, limejaa, kama la mama anayenyonyesha. Alilisukuma kwa kiganja, likabonyea. Alipoliachia, likarudi mahali pake bila haraka.

"Vieux, toka!" Carlos, rafiki yake na msimamizi wake, aligonga mlango. "Bibi-arusi anafika!"

"Niko nakuya."

Ricky alizaliwa bila msuli wa kifua upande huo. Kuume alikuwa mwanamume kamili wa machimbo ya mawe ya Kakontwe. Kushoto, ngozi ilitandikwa juu ya mbavu kama shuka juu ya kitanda kisicho na godoro. Daktari alimwambia si ugonjwa. Moyo ni mzima, mkono una nguvu, ni namna tu watu wachache sana wanavyozaliwa. "Mu Likasi yote," daktari alicheka, "labda weye uko peke yako." Alitaka kumtuliza. Ricky alirudi nyumbani na neno hilo, peke yako, na tangu siku ile hakuvua shati mbele ya mtu.

Kazini haikuwa rahisi. Jua likiwaka, wote walipasua mawe vifua wazi, na Carlos aliwachekesha kwa kuchezesha msuli wa kushoto, wa kuume, wa kushoto, kama vyura wawili ndani ya mfuko. Carlos aliwahi kuchanika msuli wa kifua akinyanyua chuma chenye kopo la saruji kila ncha. Kilivimba, kikawa cheusi kama bilinganya, lakini baada ya miezi kadhaa vyura walirudi kucheza. Kwa Ricky hapakuwa na chura wa kurudi.

Joëlle, mchumba wake, hakujua. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, msichana wa aibu, kila mara kitabu cha nyimbo kimebanwa kifuani. Kwenye picha aliomba mtoto wa mtu wa kubeba kifuani. Alimkumbatia Ricky kwa ubavu tu, haraka haraka, na hapo Ricky alimshukuru Mungu, kwa sababu msichana mwingine angekwisha kugundua shimo. Lakini leo wangecheza wameshikana mbele ya familia zote mbili. Na kama Joëlle angegundua, akageuka, akarudi kwao? Ricky angeweza kubeba mawe yote ya Kakontwe. Hilo asingeliweza.

Ndiyo maana alikwenda kwa Mama Émérence, mshonaji wa sare za shule, aliyepewa kazi ya kushona nguo za harusi nzima. Alivua shati amefumba macho.

Mama Émérence hakushtuka. Alipitisha tu utepe wake wa kupimia.

"Ni gauche?" aliuliza, akigusa upande wa kushoto. "Bon. Afazali weye ni gauche."

"Afazali namna gani, maman?"

"Simama muzuri. Nitakukatia sponji ya godoro, nyembamba kama mukono yangu, na nitatia mufuko ndani ya shati. Sponji nitaleta asubuhi ya ndoa. Shati itapigwa pasi kwanza, na moto ya makala inayeyushaka sponji."

"Na hautaambia mutu?"

Alizungusha utepe, mètre yake, shingoni. "Bintu mètre inaonaka, mètre haisemake."

Asubuhi hii alifika kwa pikipiki ya kukodi, akamrushia mfuko mweusi wa plastiki bila hata kushuka. "Usinikawishe, papa, niko na mufuko ingine ya kupeleka!" Likabaki vumbi. Nyumbani kulijaa mashangazi, kwa hiyo Ricky hakuufungua mfuko mpaka alipofika chooni mwa parokia.

Sasa alijitazama kwenye kioo. Mama huyu alikuwa na tabia yake: kila sare aliishona kubwa, eti mutoto atakomaa. Bila shaka alidhani na Ricky atakomaa.

Aliitoa sponji. Koti, lililokatwa kwa kifua kizima, likaporomoka, na ua lake likainama kama limefiwa. Akairudisha. Mkasi hakuna. Akajaribu kuipunguza kwa meno. Sponji ikamshinda. Akafungua mlango.

Carlos alimtazama usoni, kisha kifuani, kisha tena kifuani.

"Vieux, umeweka nini mu poche ya shati?"

"Mouchoirs, vitambaa ya machozi. Nitalia."

"Yote ile? Utalia mupaka Kolwezi?"

Kanisani Ricky alisimama amefunika kifua kwa mkono wa kuume, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Shangazi mmoja alijifuta machozi. "Mutazame vile anamupenda."

Joëlle aliingia polepole, amemshika baba yake mdogo mkono. Shada lake la maua lilikuwa kubwa ajabu, na alilibeba juu, amelibana kifuani upande mmoja. Hakuinua macho. Masikini, Ricky aliwaza, aibu yake hata leo.

"Sasa mupeane mikono ya kuume," padri alisema.

Ricky aliushusha mkono. Titi likatokeza mbele ya Mungu na familia zote mbili. Watu wa viti vya mbele wakanyoosha shingo.

Joëlle alisita. Kisha akampa msimamizi wake maua.

Upande wa kushoto, gauni jeupe lilijaa vizuri. Upande wa kuume palikuwa bapa, pamenyooka, kifua cha mwanamume wa Kakontwe.

Hakuwa akimtazama Ricky usoni. Alikitazama kifua chake, kwa muda mrefu, kisha akagusa upande wake ulio bapa.

"Ricky," alinong'ona, "ile ni yangu."