Vifaranga wa Zambarau

Alikuwepo kuku mmoja mwenye majivuno, aliyeangua vifaranga weupe kama pamba. Kutwa nzima aliwatembeza uani ili kila jirani awaone.

Mwenye kuku, Bi Mwanaheri, alikuwa akitia rangi ukili wa mikeka yake. Rangi iliyobaki ilipopoa, aliwachovya vifaranga wote humo, wakatoka wa zambarau.

Bata, jirani mwenye maneno mengi, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwenzangu, hao ni watoto au biringanya?"

Kuku aliinamisha kichwa.

Mara kivuli kikapita juu yao. Vifaranga wakajikunyata kimya kwenye majani. Mwewe akatua juu ya ua na kuangaza macho huku na huku.

"Kuku, nimesikia umeangua vifaranga weupe. Wako wapi?"

Jana angewaita mmoja mmoja na kumsimulia uzuri wao. Leo aliona haya hata kusema ni wake.

"Hapa pana biringanya tu," akajibu.

Mwewe alizitazama zile biringanya, akakunja uso. "Mimi na mboga wapi na wapi," akasema, akaruka zake.

Bata aliyasikia yote, huku amewafunika wanawe wa manjano chini ya mbawa.

Asubuhi alibisha hodi kwenye banda la kuku, watoto wamejipanga nyuma yake.

"Mwenzangu," alisema kwa sauti ya chini, "ile rangi ya biringanya imebaki hata kidogo?"