Jembe Lisilolia

Ngo!

Jembe liligonga kama limekutana na mlango wa chuma. Mkulima akainama kutafuta jiwe. Jiwe halikuwepo, ulikuwa udongo wake mwenyewe, uliolishwa mbolea ya dukani peke yake misimu kumi, ukakauka kama kigae. Mvua zilikuwa zimekaribia. Asipopanda wiki hii, nyumba yake italala njaa.

Ng'ambo ya mpaka, jembe la shemeji yake, mjane wa kaka yake, lilizama kimya. Shamba lilikuwa moja, wakaligawana. Mkulima ndiye aliyembandika mjane huyo jina la Mama Maganda, kwa vile alizunguka majikoni mwa watu akiomba maganda akayaozeshe yawe mboji.

"Shem, unapiga ngoma?" mwanamke aliuliza bila kuinua kichwa. "Mbona hujatualika?"

Ulimi ulimwasha kujibu. Badala yake akavuka mpaka, akapiga goti, akachomeka vidole. Mkono ukazama hadi kifundoni. Udongo ulikuwa mweusi, wa baridi, na nyungunyungu mnene akampitia kidoleni taratibu, kama mwenye nyumba anayemkagua mgeni.

Semina tatu za bwana shamba hazikumgeuza. Nyungunyungu mmoja alimgeuza.

"Nifundishe, shemeji."

"Mboji yangu itatosha robo ya shamba lako wiki hii. Sehemu iliyobaki ingoje msimu ujao; maganda yake ukayatafute mwenyewe, jiko kwa jiko. Watakucheka."

"Wacheke mpaka mbavu ziwaume. Kesho nabeba gunia, napiga hodi kila mlango, na kila mlango nitasema mwalimu wangu ni wewe."