Tafsiri ya Neno la Tajiri

"Waambie tunaungana," meneja alimnong'oneza mkalimani. "Ukitamka lingine, nawe kazi huna."

Lakini tajiri mgeni aliyenunua kiwanda chao cha sabuni hakusema kuungana. Alitumia neno la kwao ambalo asili yake ni kumeza, na alilitamka akitabasamu.

Wafanyakazi walijaa uani wakisubiri tafsiri. Mbele kabisa alisimama shemeji yake mkalimani, vidole vimechubuliwa na magadi.

"Shemeji, mbona kimya? Kasemaje?"

Kipaza sauti kiliteleza kwa jasho. Mkalimani akakikamata kwa mikono miwili.

"Amesema anatumeza," alitamka. "Wazimawazima."

Meneja alimrukia akamnyang'anya kipaza sauti. Shemeji naye alikwisha kufika langoni. Alilifunga kwa ndani, akauchomoa ufunguo na kuutia mfukoni, kisha akageuka kumtazama tajiri.