Ndala Zilizotazama Nje

Bi Mwanakheri aliiambia mahakama kwamba mwizi aliyevunja nyumba yake alivua ndala mlangoni, akazipanga zikitazama nje. Alipokurupushwa, alitoka mbio pekupeku akaziacha.

"Ndala kama hizi zimejaa mjini, mheshimiwa," alisema wakili Mshihiri. "Mteja wangu anahusikaje?"

Hakimu aliitikia kwa kichwa. Mshihiri akakaa, roho imemtulia.

Mshtakiwa, Shawali, akaitwa kula kiapo. Alipoletewa msahafu, alivua viatu vyake kwa adabu, akainama, akavigeuza taratibu mpaka vikatazama mlango.

Wakili alifumba macho.

"Mama yako alikulea vizuri, mwanangu," Bi Mwanakheri alisema, kama anayempa pole.

"Ahsante, bibi," akajibu Shawali, mkono juu ya msahafu.