Maji ya Masalu

Klementina alikipindua kibuyu, maziwa yote yakamwagika miguuni pa mama mkwe wake.

"Kuanzia leo, mayu, mwanangu hanywi kitu kutoka mkononi mwako."

Bibi Ng'washi alimtazama mjukuu wake, Masalu wa miaka miwili, aliyelala kwenye khanga akitokwa na udenda.

"Haya alikuwa anayapenda," akasema. "Maji yako anayatema."

Ilikuwa siku ya nne ya ugonjwa. Mtoto alitapika, akaloa jasho, misuli ikimchezacheza. Majirani walikuwa wameshaanza kunong'ona juu ya uchawi: kikongwe yule mwenye macho mekundu, kila asubuhi na kibuyu chake. Anatoli, mume wa Klementina, aliendelea kuijaza upepo baiskeli yake kama si mama yake anayesemwa. Jioni wanakijiji waliichoma nyumba ya bibi. Aliondoka kwa miguu kuelekea Mwamapalala, na hakuna aliyemsindikiza.

Klementina hakulia. Yeye alikuwa mama makini, kliniki nzima ilimjua. Tangu biashara iachiwe huru, maduka ya Bariadi yalikuwa yamejaa soda na juisi za unga zenye rangi kali. Wenzake waliwanywesha watoto, yeye hakumwonjesha wake hata tone. Nesi alikuwa amesema maji yachemshwe na yatunzwe kwenye chombo chenye mfuniko. Alichemsha, akatunza kwenye dumu. Sasa maziwa yalipokoma, akamnywesha maji hayo mara mbili ya kawaida, kikombe baada ya kikombe.

Asubuhi Masalu hakuweza kukaza shingo. Anatoli aliwapakia kwenye baiskeli hadi hospitali.

"Amekunywa nini?" aliuliza Gloria, nesi wa zamu, huku akimfunua mtoto macho.

"Alikuwa akipewa maziwa na bibi yake. Tumeshamfukuza."

"Na tangu hapo?"

"Maji ya kuchemsha tu, nesi. Nimekuja nayo, asije akanywa ya bomba."

Gloria alilipokea dumu, akafungua mfuniko, akanusa. Alinusa tena. Kisha akaligeuza taratibu, akasugua kwa kidole gumba mabaki ya karatasi yaliyoganda ubavuni.

"Mlilipata wapi hili?"

"Mnadani, wiki iliyopita," alijibu Anatoli. "Tuliliosha kwa sabuni."

Gloria aliliweka sakafuni, mbali na kitanda.

"Hili lilikuwa na dawa ya kuulia wadudu wa pamba."