Sweta la Hemraj

Sarla alivuta uzi, akafumua mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Kando yake mama mkwe wake, Rukmani, alikuwa amelala juani juu ya mkeka, mdomo wazi, maganda ya karanga yamemtapakaa kifuani. Jirani yao Dropti alikuwa ameegemea ukuta akimenya chungwa. Aliona, akageuza uso.

Alipofika mstari wa ishirini Sarla aliacha, akarudisha vitanzi kwenye sindano kimoja kimoja. Kazi haikuishia hapo. Uzi wa sufu ukifumuliwa hubaki umejikunjakunja, na mkono wa mfumaji huujua hata macho yakiwa yamefumbwa. Kwa hiyo aliupitisha kwenye mvuke wa birika mpaka ukanyooka, ndipo akauzungushia tena kwenye donge lake.

Rukmani aliamka, akalipima sweta kwa shibiri. Mgongo na mikono ilikuwa tayari zamani. Kilichobaki ni kifua.

“Bado kwapani! Asubuhi nzima nafuma, jamani. Mikono hii imezeeka au imerogwa?”

“Imezeeka, Mama.”

“Koma, mvivu wewe! Hemraj akija akakuta halijaisha, nitamwambia mkewe ndiye aliyenichelewesha kwa umbeya.”

Sarla alicheka. Kicheko hicho alikuwa amejifundisha, kama mtu anavyojifundisha kumeza dawa chungu.

Hemraj hakuwa wa kuja. Miaka mitatu iliyopita barabara ya mlimani iliporomoka na lori lake likaenda nayo korongoni, ndoa yake na Sarla ina miezi saba. Rukmani alilia siku tatu. Ya nne aliamka, akaomba sindano, akauliza mwanawe siku hizi ana kifua kipana kiasi gani. Majira yaleyale ya baridi sweta likaisha. Alilikunja, akashuka nalo barabarani kumngoja mwenyewe, theluji inamwangukia mpaka jioni. Walipomweleza ukweli alianguka kama ndiyo kwanza anausikia, akalala mwezi mzima, hali, hanywi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alipoinuka aliomba sindano tena, na Sarla akaapa moyoni kwamba sweta la pili halitaisha kamwe.

Kesho yake Tilak, kaka yake Sarla, alipanda kutoka mjini. Hiyo ilikuwa safari yake ya tano. Alikaa siku mbili, na mgeni ni wa kupikiwa. Sarla hakupata nafasi ya kufumua. Rukmani naye alifuma kama aliyetumwa. Siku ya Tilak kuondoka, sweta lilikuwa limefika shingoni, limebaki kufungwa vitanzi tu.

Mchana huo, mama mkwe alipopitiwa na usingizi, Sarla alimsindikiza kaka yake hadi kituo cha basi.

“Mwalimu aliyekuposa amesubiri miaka miwili, Sarla. Kwao wamechoka. Ukikataa leo, Jumapili wanampelekea posa kwingine.”

“Na Mama nimwachie nani?”

“Dropti si yupo?”

“Dropti atafumua?”

“Una miaka ishirini na sita! Utafumua sweta la marehemu mpaka na wewe upate mvi?”

 Mwalimu huyo Sarla alikuwa amemwona mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyumbani akajishtukia anaimba. Alimtaka. Alitaka nyumba yake, watoto, mtu wa kumuuliza jioni kama amekula.

“Mama angekuwa mzima, kaka, ningepanda basi hili sasa hivi, hata nguo nisingerudi kuchukua.”

“Ulinijibu hivyohivyo mwaka juzi. Ndiyo neno lako la mwisho?”

“Mwambie mwalimu aoe.”

Tilak alipanda bila kuaga. Basi lilipopotea kwenye kona Sarla alijiziba mdomo kwa mtandio, akalia kwa uchungu, hakujali anayepita. Kisha akakumbuka saa. Mama alikuwa karibu kuamka, na akiamka angefunga vitanzi na kushuka barabarani kumngoja maiti.

Akavua viatu, akapandisha kilima mbio, mawe yanamchoma nyayo. Ili asimwamshe aliingia kwa nyuma, kupitia zizi la ng'ombe, akachungulia uani.

Mkeka ulikuwa mtupu. Rukmani alikuwa ameketi wima karibu na jiko, birika linachemka. Kifua cha sweta kilikuwa kimerudi kwapani. Uzi uliofumuliwa ulikuwa ukipita taratibu kwenye mvuke, kutoka mkono wake mmoja kwenda wa pili, na Dropti akiuzungusha kwenye donge.

“Mtoto wa watu huyo, dada,” alisema Dropti. “Akili ilikurudia mwaka juzi. Utamficha mpaka lini?”

“Nilitaka kumwambia siku ileile. Nikamsikia anamwambia kaka yake kwamba ningekuwa mzima, angeondoka.” Rukmani alipangusa macho kwa kiganja. “Mwana nimekwisha kumpoteza, Dropti. Huyu naye akienda, nabaki na nani? Haya, zungusha upesi. Yuko njiani anarudi.”